Kuna haja gani kulinda msitu ambao wanyama wake watahama?

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Wataalamu mnasema joto likiendelea kupanda, wanyama watalazimika kuhama walipo. Kama ni hivyo, kwa nini tuendelee kutumia fedha nyingi kulinda misitu ileile, ndani ya mipaka ileile iliyochorwa zamani? Si afadhali fedha hizo zipande miti mipya kule ambako hali ya hewa itafaa baadaye, kisha wanyama wahamishiwe huko?"

Ndugu msomaji, nianze na pale tunapokubaliana, maana hata wenzangu wa fani hii hupenda kulipita juujuu jambo hili. Ni kweli kwamba mipaka mingi ya hifadhi ilichorwa kwa imani kuwa hali ya hewa ya mahali haibadiliki, kwamba mvua ikichelewa mwaka huu itawahi mwakani. Imani hiyo imepitwa na wakati. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliojumlisha tafiti za sehemu nyingi za dunia, ulionyesha kuwa spishi za nchi kavu zinasogea kuelekea ncha za dunia kwa karibu kilomita 17 kila muongo, na zinapanda milima kwa karibu mita 11 katika muda huohuo. Kigingi cha mpaka hakisogei. Kwa hiyo hoja yako ina mashiko. Ninachopinga ni ulikoipeleka.

Tuingie kwanza kivulini. Ramani za joto tunazoonyeshwa hutokana na vipimajoto vilivyosimikwa mahali pa wazi, juu ya nyasi fupi, mita moja na nusu au mbili kutoka ardhini. Hakuna chura wala konokono wa msituni anayeishi mahali pa namna hiyo. Yeye yuko chini ya gogo linalooza, ndani ya majani yaliyoanguka, chini ya vichaka, chini ya miti ya kimo cha kati, na juu ya hivyo vyote kuna paa la miti mikubwa. Mwaka 2019 watafiti walilinganisha vipimo vya ndani na vya nje ya misitu katika karibu maeneo 100 ya mabara matano. Walikuta joto la juu la mchana chini ya miti ni pungufu kwa wastani wa nyuzijoto 4 hivi za Selsiasi kuliko nje.

Sasa linganisha. Tangu enzi za viwanda zianze, dunia imeongezeka joto kwa zaidi ya nyuzijoto moja, na tayari tunaona maafa. Mwenye msumeno akiliondoa paa la msitu, anamwongezea konokono yule joto kubwa kuliko lililoletwa na moshi wa karne nzima, tena kwa wiki moja tu. Ndiyo maana huwa sipendi kusikia ukataji wa misitu na mabadiliko ya tabianchi vikizungumziwa kama maadui wawili tofauti, halafu tuambiwe tuchague wa kuanza naye. Pale msitu ulipo, ukataji ndio unaoamua tabianchi itauma kiasi gani. Mnyama aliye ndani ya msitu mzima amepewa muda, pengine miongo kadhaa, kabla joto la nje halijamfikia kwa ukali wake.

Lakini kivuli hicho hutegemea umbo la msitu, na hapo ndipo hifadhi nyingi zinapopoteza wanyama bila mti hata mmoja kukatwa ndani ya mpaka. Mwaka 1979, kaskazini mwa mji wa Manaus nchini Brazil, mwanabiolojia Thomas Lovejoy na wenzake walianza jaribio ambalo bado linaendelea. Wafugaji walikuwa wakifyeka msitu kutengeneza malisho. Wakakubaliana nao wabakize vipande vya hekta 1, 10 na 100, ili ijulikane nini hutokea msitu unapokatwa vipandevipande.

Kwenye ukingo wa kipande cha namna hiyo, jua huingia kutoka ubavuni hadi mahali ambapo zamani halikufika ila kwa vijidoa. Majani ya sakafuni, ambayo katikati ya msitu ni laini na yana unyevu, huku hukauka na kuvunjika yakikanyagwa. Mimea ya kukwea hushamiri na kuisonga miti iliyobaki wazi. Halafu huanguka majitu yenyewe, mizizi juu, kwa upepo ambao hayakuwahi kukua yakiuzoea. Miti mikubwa iliyo ndani ya mita 300 kutoka ukingoni ilikuwa ikifa karibu mara tatu kwa kasi kuliko ile ya ndani kabisa. Ni kama nyumba iliyong'olewa ukuta mmoja: paa lipo, lakini wenyeji wanalala nje.

Miongoni mwa wa kwanza kutoweka walikuwa ndege wanaofuata misafara ya siafu ili wadake panzi na buibui wanaokurupushwa. Siafu wanahitaji eneo pana la kuzungukia, na hekta 1 au 10 haziwatoshi. Wakiondoka, ndege hawa hawana wa kumfuata. Hata vile vipande vya hekta 100 vilipoteza nusu ya spishi za ndege wa vichaka vya chini katika muda usiofika miaka 15. Na usidhani vilikuwa vimetengwa mbali. Vingine vilitenganishwa na msitu mkubwa kwa uwazi wa mita 80 tu. Ndege ana mabawa, anauona msitu mkubwa kwa macho yake, na bado havuki, kwa sababu maisha yake yote hajawahi kuruka juani.

Jambo hili halihusu Brazil peke yake. Utafiti wa mwaka 2015 ulikadiria kuwa asilimia 70 ya misitu iliyobaki duniani iko ndani ya kilomita moja kutoka ukingoni. Ukiniuliza fedha za ulinzi ziende wapi kwanza, nitakwambia ziende kuzuia msitu uliobaki mzima usikatwe vipande viwili na barabara mpya. Barabara yenyewe huchukua eneo dogo, lakini huzaa kingo mbili ndefu, na nyuma yake hufuata wakataji magogo, wawindaji na mashamba.

Moto nao huanzia kwenye kingo hizo. Watu wakisikia msitu wa mvua unaungua hudhani miali inapaa juu ya miti. Mara nyingi haipai. Moto wa kwanza hutambaa sakafuni, miali yake haifiki magotini, na mwendo wake ni wa taratibu kiasi kwamba mtu mzima anaweza kuuruka. Tatizo ni kwamba miti ya huko ina maganda membamba. Haikulelewa na moto kama miti ya savana. Hufa ikiwa imesimama. Mwaka mmoja au miwili baadaye majani yameshapukutika, paa limetoboka, jua limekausha sakafu, na moto wa pili unakuta kuni tayari. Huo wa pili ndio unaoua msitu. Kwa hiyo katika miaka ya ukame, ambayo tabianchi inaizidisha, kikosi cha watu wachache wenye zana za kuzima moto ule mdogo huokoa makazi mengi ya wanyama kuliko mradi mkubwa wa miche utakaofuata baada ya maafa.

Kuna mvua pia. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa Brazil, Eneas Salati, alifuatilia asili ya maji ya mvua katika bonde la Amazon na kuonyesha kuwa karibu nusu ya mvua ya bonde lile inatokana na msitu wenyewe. Maji yanayonyesha mashariki hunyonywa na mizizi, hutolewa na majani kama mvuke, husukumwa na upepo kwenda magharibi, na kunyesha tena. Maana yake kwa mlinzi wa hifadhi ni nzito: msitu ukikatwa upande ule upepo unakotokea, hifadhi iliyo mbali hukauka hata kama walinzi wake hawalali. Hapo mpaka mzuri peke yake hautoshi.

Sasa tuje kwenye miche, kwa kuwa naona ndipo moyo wako ulipo, na si wako peke yako. Kupanda miti kunapigika picha vizuri. Kulinda msitu uliosimama hakuna picha, kwa sababu mafanikio yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa kati ya 1990 na 2020 dunia ilipoteza hekta milioni 420 za misitu kwa kugeuzwa matumizi mengine, na kwamba karibu asilimia 90 ya ukataji wa misitu duniani husababishwa na upanuzi wa kilimo na malisho. Kwa upande wa pili, mwaka 2011 mataifa yalianza kuahidi, mjini Bonn, kurejesha uoto, na lengo likaja kuwa hekta milioni 350 ifikapo 2030. Watafiti walipozichambua ahadi za nchi za kitropiki mwaka 2019, walikuta karibu asilimia 45 ya eneo lililoahidiwa ni mashamba ya miti ya biashara, yaani mikaratusi, misonobari na jamaa zao, ya kupandwa na kuvunwa. Sina ugomvi na mbao. Watu wanahitaji mbao. Lakini shamba la mikaratusi lisiandikwe kwenye daftari kama makazi ya wanyama.

Hata ukipanda miti ya asili kwa nia safi, saa haikusubiri. Uchambuzi mkubwa wa misitu inayojiotea upya katika nchi za kitropiki za Amerika na Afrika Magharibi, uliotoka 2021, ulionyesha kuwa udongo hupona ndani ya miaka 10 hivi, idadi ya spishi za miti hukaribia ya awali baada ya miaka 60 hivi, lakini mchanganyiko wa spishi zilezile za msitu wa zamani huchukua zaidi ya karne. Mnyama anayelala kwenye pango la mti mzee hawezi kungoja karne. Na ona jambo lingine ndani ya matokeo hayo: misitu hiyo ilijiotea yenyewe, bila ya mtu kuchimba shimo. Iliweza kwa sababu jirani palibaki msitu wa zamani wa kutoa mbegu, na ndege na popo wa kuzileta. Kwa hiyo hata msitu mpya unaoutaka wewe, mama yake ni ule wa zamani. Ukiuacha ukatwe kwa matumaini ya kupanda mwingine, umekata na mbegu.

Nikumbushe pia kwamba si kila uwanda usio na miti umekatwa miti. Savana na nyika za asili zina umri wake, zina wanyama wake, na kuzijaza miti ni kuharibu makazi kama vile kufyeka msitu.

Turudi kwenye kuhama, kwa sababu hapo ndipo swali lako lina uzito zaidi. Wanyama watahamia wapi? Katika nchi za baridi mnyama anaweza kusogea kuelekea ncha ya dunia na kukuta ubaridi taratibu. Katika ukanda wa tropiki njia hiyo karibu haipo. Unaweza kusafiri mamia ya kilomita tambarare kwenda kaskazini au kusini na joto likawa lilelile. Kinachopunguza joto haraka ni mlima: kila mita 100 za kupanda, joto hushuka kwa karibu nyuzijoto 0.6. Kwa kiumbe wa msitu wa tropiki, mita 200 za kupanda ni kama safari ndefu mno ya tambarare.

Ndiyo maana nawasumbua sana wapangaji wa shoroba, yaani njia za wanyama kati ya hifadhi na hifadhi. Mazoea ni kuchora ushoroba kati ya hifadhi mbili zilizo usawa mmoja, ili tembo au chui wapite. Huo ni mzuri na uendelee. Lakini tabianchi inadai ushoroba wa kupanda: bonde liunganishwe na kilele bila kukatika. Costa Rica ilifanya hivyo mapema. Mwaka 1986 hifadhi ya taifa ya Braulio Carrillo iliongezwa eneo hadi kituo cha utafiti cha La Selva, msitu ukawa umeungana kutoka tambarare iliyo karibu na usawa wa bahari hadi vilele vya takriban mita 2,900. Hoja ya wakati ule ilikuwa ndege wanaopanda na kushuka mlima kufuata matunda kwa misimu. Leo njia hiyohiyo ni mlango wa kutokea kwa viumbe wanaokimbia joto.

Mlango huo nao una mwisho wake, sitakudanganya. Huko Peru kuna mlima uitwao Cerro de Pantiacolla, msitu wake haujaguswa. Ndege wake walihesabiwa 1985, wakahesabiwa tena 2017. Katikati ya muda huo joto lilipanda kwa chini ya nusu nyuzijoto. Spishi nyingi zilikuwa zimesogea juu, na kadhaa zilizokuwa zikiishi kileleni hazikuonekana tena. Juu ya kilele hakuna pa kwenda. Kwa viumbe hao dawa ni kupunguza hewa ukaa, na anayewaambia kuwa hifadhi peke yake itawaokoa anawalaghai.

Hata hivyo kuna mahali ambapo hali ya hewa hubadilika polepole kuliko jirani zake, na historia inatuonyesha baadhi yake. Misitu ya Tao la Mashariki, kuanzia vilima vya Taita kupitia Usambara na Uluguru hadi Udzungwa, iliendelea kuwepo wakati misitu mingi ya Afrika ilipopungua katika vipindi vya ukame wa enzi za barafu, kwa kuwa Bahari ya Hindi iliendelea kuiletea unyevu. Wingi wa viumbe wasiopatikana kwingine kokote umetokana na utulivu huo wa muda mrefu. Mabonde yenye ukungu, makorongo, chemchemi na kingo za mito zenye kivuli hufanya kazi hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Hapo ndipo pa kuwekwa kwanza kwenye ramani ya ulinzi, hata pakiwa padogo. Inasikitisha kwamba hifadhi nyingi duniani zimewekwa mahali pa mwinuko, pa mbali na pasipo rutuba, kwa sababu hapakuwa na aliyepagombea. Lengo la mataifa katika makubaliano ya Kunming na Montreal ya Desemba 2022, la kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030, linaweza kutimizwa kwa hekta za namna hiyo na likawasaidia wanyama wachache mno.

Miti nayo inahitaji kuhama, na haina miguu. Huhamishwa na matumbo ya wanyama: tembo wa msituni, hondohondo, nyani, popo. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria kuwa kupungua kwa ndege na mamalia wanaosambaza mbegu kumepunguza kwa asilimia 60 uwezo wa mimea inayowategemea kwenda sambamba na mabadiliko ya tabianchi. Msitu unaweza kuonekana wa kijani kutoka angani, kumbe umewindwa hadi hauna wa kubeba mbegu nzito. Kwa hiyo doria dhidi ya mitego ya waya ni kazi ya tabianchi pia, ingawa wafadhili hawaiweki katika fungu hilo.

Je, ulinzi unawezekana kweli, au ni maneno ya semina? Kati ya 2004 na 2012 Brazil ilipunguza ukataji katika Amazon yake kutoka karibu kilomita za mraba 27,800 kwa mwaka hadi karibu 4,600. Haikuwa miujiza. Setilaiti zilitoa tahadhari za haraka, askari wa mazingira wakafika wakati msumeno bado unanguruma, maeneo ya wenyeji wa asili yalipimwa na kutambuliwa kisheria, wafanyabiashara wa soya walikubaliana mwaka 2006 kutonunua iliyolimwa kwenye msitu uliofyekwa upya, na benki zikabana mikopo kwa wasiofuata sheria. Usimamizi ulipolegezwa, ukataji ukapanda tena na kuvuka kilomita za mraba 13,000 mwaka 2021; usimamizi uliporudi, ukataji ukashuka. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba jambo hili linaamuliwa na serikali na soko.

Kuna na mfano mdogo unaonipa moyo. Tamarini-simba wa dhahabu, tumbili mdogo wa misitu ya pwani ya Rio de Janeiro, alibaki na mamia machache tu porini katika miaka ya 1970, ndani ya vipande vya msitu vilivyozungukwa na malisho. Wenye mashamba walikubali kuachia na kupanda njia za miti ya asili kati ya vipande, na mwaka 2020 daraja la miti lilikamilika juu ya barabara kuu ya BR-101. Waliongezeka hadi takriban 3,700 mwaka 2014, homa ya manjano ikawashusha hadi 2,500 hivi, na hesabu ya 2023 ikakuta karibu 4,800. Hapo miche ilifanya kazi yake barabara, kwa sababu ilipandwa kuunganisha misitu iliyokuwepo.

Limebaki la kuwabeba wanyama na kuwapeleka kwingine. Silikatai, ila nalipanga mwisho. Kuna panya mdogo wa kisiwa cha Bramble Cay nchini Australia, kisiwa cha mchanga kilicho chini sana, ambaye makazi yake yalifagiliwa na maji ya bahari mara kwa mara hadi mimea ikaisha. Alionekana mara ya mwisho 2009. Watafiti walipomsaka kwa kina mwaka 2014 hawakupata hata mmoja, na 2019 serikali ya Australia ilimtangaza kuwa ametoweka. Yeye hakuwa na mlima wala ushoroba. Alistahili kubebwa mapema, na hakubebwa. Viumbe wa namna yake wapo, na orodha yao iandaliwe sasa.

Ila ujue gharama yake. Mwaka 2016, Australia Magharibi, wanasayansi walijaribu kupeleka kobe wachanga wa kinamasi mamia ya kilomita kusini mwa makazi yao, kwa sababu madimbwi ya kwao hukauka kabla kobe hawajapata muda wa kutosha wa kula na kukua. Ni spishi iliyodhaniwa imetoweka hadi ilipoonekana tena mwaka 1953, na hao wachanga walitoka katika mpango wa kuwazalisha katika bustani ya wanyama ya Perth ulioanza miaka ya 1980. Miongo ya kazi, kwa kobe wa aina moja. Na walipelekwa kwenye vinamasi vya asili vilivyokuwepo tayari kule kusini. Kama navyo vingekuwa vimekaushwa na kulimwa, jaribio lenyewe lisingekuwa na mahali pa kufanyika.